Kitone Kimewaka, Damu Je?

Kabla hujagusa kemikali yoyote, nenda dukani ununue chupa moja ya maji ya toniki, yale machungu ambayo watu huchanganyia vinywaji, pamoja na tochi ya urujuanimno. Tochi hiyo ni ndugu wa ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka na makarani wa benki hupitishia noti kukagua kama ni halali. Tafuta iliyoandikwa 365 nm. Ya 395 nm inapatikana kirahisi zaidi na itakusogeza, ila yenyewe inamwaga zambarau nyingi inayoonekana, na jicho lako litashindwa kujua kipi kinatoka kwenye tochi na kipi kinatoka kwenye glasi. Usiielekeze machoni, yako wala ya mwenzako. Zima taa ya chumba, mulika. Maji yaliyokuwa hayana rangi yatatoa buluu. Ni kwinini hiyo, dawa ileile iliyotibu malaria kwa karne kadhaa: inameza mwanga usioonekana na kuutema ukiwa mwanga unaoonekana.

Sasa tia kijiko cha chumvi ya mezani ukoroge. Buluu inafifia huku unatazama. Kwinini haijaenda popote wala haijaharibika. Ioni za kloridi zilizo kwenye chumvi zinagongana nayo na kuinyang'anya nguvu kabla haijapata nafasi ya kuitoa kama mwanga.

Hapo umeshatengeneza kipimo cha kloridi, na umeshaona pia ugonjwa wake. Damu ya kila binadamu ina kloridi kama milimoli 100 kwa lita. Ungekuwa unawinda alama ya ugonjwa fulani kwa kutumia kwinini, chumvi ya damu peke yake ingekuzimia taa kabla alama yenyewe haijafika. Lifanye jaribio hili hata kama unajiona umeshapita ngazi hiyo. Mimi huwafanyisha wanafunzi wangu wote, na wanaolidharau ndio ninaowakuta miezi sita baadaye wakihangaika na tatizo lilelile kwa vifaa vya bei mbaya.

Kila mwaka wananijia na wazo moja: chembe nano zinazong'aa, zimetengenezwa kwa maganda ya chungwa au maji ya limau, zitagundua ugonjwa kwenye tone la damu. Wazo si baya. Nusu yake ya kwanza, kutengeneza kinachong'aa, ni rahisi kuliko wanavyofikiri. Nusu ya pili, damu, ni ngumu kuliko wanavyofikiri. Nitaipita ile ya kwanza upesi kidogo.

Chembe hizi, tuziite vitone, zina familia mbili kubwa. Ya kwanza ni vitone vya kwanta, vipande vya fuwele za nusukipitishi vidogo kiasi kwamba rangi yake inategemea ukubwa wake: kidogo hutoa buluu, kikubwa hutoa nyekundu, ingawa vyote ni vya kitu kilekile. Alexei Ekimov aliiona tabia hiyo ndani ya kioo cha rangi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Louis Brus akaiona kwenye majimaji muda mfupi baadaye, na mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wakapata njia ya kuvipika vikatoka vya ukubwa uliolingana. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Vingi ving'aavyo vizuri katika familia hii vina kadimiamu, na kadimiamu ni sumu. Kama maabara yako haina mpango wa kukusanya taka za metali nzito, achana navyo. Usimwage kwenye sinki ukasema ni kidogo tu.

Familia ya pili ni vitone vya kaboni. Hivi viliokotwa njiani mwaka 2004, pale watafiti wa South Carolina walipokuwa wakisafisha mirija nano ya kaboni wakaona uchafu unaong'aa. Havina kadimiamu, vinayeyuka majini, na malighafi yake iko jikoni. Anza na hivi.

Pima gramu 3 za asidi ya sitriki, ile ambayo wapishi wa pwani huiita ndimu ya unga, na gramu 3 za urea. Chukua urea ya maabara. Ya mbolea inakuja na uchafu wake. Yeyusha zote mbili katika mililita 10 za maji yaliyochujwa, kwenye bika ya kioo kinachostahimili moto na kubwa mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika, maana mchanganyiko unafura kama maziwa. Weka ndani ya maikrowevu, takribani wati 750, kwa dakika nne au tano. Utaona maji yanakauka, rangi inakuwa ya njano, halafu ya kahawia, halafu gamba jeusi linaloshika kwenye kioo. Gesi ya amonia itatoka, kwa hiyo maikrowevu ikae chini ya kabati la kuvutia hewa, na isirudi kamwe kwenye chumba cha chai. Acha ipoe, yeyusha gamba kwa maji, zungusha kwenye sentrifuji kuondoa masizi, pitisha kwenye chujio la mikromita 0.22. Mulika. Itang'aa.

Hapo ndipo wengi hupiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Subiri kidogo. Asidi ya sitriki na urea zikipikwa pamoja huzaa pia molekuli ndogo ndogo zinazong'aa zenyewe bila kuwa vitone, na mojawapo ni asidi ya sitrazini, ambayo uzito wake ni daltoni 155 tu. Inatoa buluu safi kabisa. Huenda kinachokufurahisha machoni ni hiyo, na vitone vyako vimo humo vikiwa hafifu au havimo kabisa.

Njia ya kujua ni ya zamani na haina uchawi. Jaza myeyusho wako kwenye mfuko wa utando unaozuia vitu vilivyozidi daltoni 1,000, funga pande zote mbili, uzamishe kwenye bika kubwa ya maji. Badilisha maji kila baada ya saa chache kwa siku mbili. Kila unapobadilisha, mulika maji ya nje kabla hujayamwaga. Mara ya kwanza yatang'aa sana, pengine kuliko yaliyomo ndani ya mfuko. Usivunjike moyo. Endelea mpaka ya nje yawe giza, ndipo upime kilichobaki ndani. Kikibaki na mwanga, hicho ndicho chako. Kisipobaki na mwanga, umeokoa miezi ya kazi.

Kwinini inarudi hapa tena, safari hii kwa heshima zaidi. Salfeti ya kwinini katika asidi ya salfuriki ya 0.1 M ndiyo kipimo cha kulinganishia: katika kila fotoni 100 inazomeza, inatoa kama 54. Tengeneza myeyusho wa kwinini na wa vitone vyako katika viwango vitano vitano, vyote viwe hafifu kiasi kwamba ufyonzaji usizidi 0.1. Vipime kwa urefu ule ule wa wimbi, chora eneo la mng'aro dhidi ya ufyonzaji, na ulinganishe miinamo ya mistari miwili. Vyote vikiwa ndani ya maji, tofauti ya upindaji wa mwanga ni ndogo, unaweza kuiacha. Asilimia 10 au 15 kwa mapishi haya inatosha kuendelea nayo. Usiumie kwa kusoma kwamba wengine wamefika asilimia 80. Kwenye damu tarakimu hiyo si ya kwanza kwa umuhimu, wala si ya pili.

Nikiwa bado kijana kazini, nilipoteza wiki nzima kwa sababu maji yangu matupu yalikuwa yanang'aa. Nilibadilisha maji, nikabadilisha viveti, vile vichupa vya kupimia, nikashuku mashine. Mwisho nilizima taa za chumba nikamulika tochi kila mahali, na nilichokiona kilinitia aibu: koti langu la maabara lilikuwa linawaka buluu kutoka kola mpaka pindo. Sabuni za unga hutiwa ving'arishi ili nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi, na vinyuzinyuzi vya koti vilikuwa vinadondokea kwenye viveti. Karatasi laini niliyofutia viveti nayo ilikuwa na mng'aro uleule. Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza kazi, namulika meza, glavu, karatasi na mikono yangu. Ukitaka kutengeneza kipimo cha karatasi, mulika karatasi kwanza. Nyingi za ofisini zinang'aa, ilhali zile za kromatografia zinabaki giza.

Sasa swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza kabisa: unatafuta nini ndani ya damu?

Jibu ninalolisikia mara nyingi ni sukari. Ninalipinga. Glukomita inachukua tone moja, inafanya kazi kwa umeme badala ya mwanga, na jibu linatoka baada ya sekunde chache. Hakuna mgonjwa anayekusubiri wewe na tochi yako. Sukari inafaa kwa mazoezi tu: kimeng'enya cha glukosi oksidesi kinaigeuza glukosi na kuzalisha peroksidi ya haidrojeni, peroksidi inabadilisha ioni za chuma kuwa Fe3+, na Fe3+ inazima vitone. Fanya hivyo darasani, ujifunze mnyororo, usiuandikie ombi la fedha.

Jibu la pili ni chuma, kwa ajili ya upungufu wa damu. Hili linanisikitisha zaidi kwa sababu linaonekana la busara. Karibu kila kitone cha kaboni huzimwa na Fe3+, na grafu inayotoka ni nzuri, mstari ulionyooka. Lakini Fe3+ huru kwenye damu ya mtu aliye hai ni kama haipo. Chuma cha kwenye seramu kimefungwa ndani ya protini iitwayo transferini, kimefungwa kwelikweli, na kingine kimo ndani ya himoglobini na feritini. Kitone chako kinaijua Fe3+ iliyoyeyuka kwenye maji. Hakijawahi kukutana na chuma cha damu. Isitoshe, daktari anayetaka kujua akiba ya chuma mwilini anauliza feritini. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mtu mzima mwenye afya akiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita, akiba imekwisha. Akiwa na maambukizi au uvimbe mwilini, mpaka unapanda hadi 70, kwa sababu feritini yenyewe hupanda mtu anapougua. Kwenye maeneo yenye malaria nyingi tofauti hiyo ndiyo mgogoro mzima. Kipimo kizuri cha feritini kinachosomwa pamoja na alama ya uvimbe, hicho kingekuwa kazi ya kujivunia.

Kwa hiyo chagua alama kwa kujibu mambo matatu kwa maandishi: nani atalitumia jibu hilo na atafanya nini nalo, alama iko kwa kiwango gani kwenye damu, na kipimo kilichopo leo kinashindwa wapi. Ukishindwa kujaza nusu ukurasa, badilisha alama.

Kiwango ndicho kinachoamua zana. Glukosi iko kwenye milimoli. Feritini kwenye mikrogramu kwa lita. Troponini, ambayo huvujia kwenye damu misuli ya moyo inapoumia, iko kwenye nanogramu kwa lita. Na huku unatafuta nanogramu hizo, albumini imejaa humohumo kwa gramu 40 kwa lita, ikigusa kila kitu, ikijipaka juu ya kila chembe utakayoingiza. Chembe nano ikitumbukia kwenye damu haibaki uchi hata dakika moja. Protini zinaivalisha joho, na kingamwili utakachokibandika kwa taabu juu yake ili kikamate alama kinaweza kufunikwa chini ya joho hilo.

Halafu kuna mwanga wenyewe. Himoglobini inafyonza mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 415, kisha tena karibu na 540 na 577. Bilirubini, ile inayotia macho umanjano, inafyonza karibu na 450. Albumini na protini nyingine zinang'aa zenyewe karibu na 340 ukizimulika kwa 280. NADH, iliyomo ndani ya kila seli, inamulikwa kwa 340 na kung'aa karibu na 460. Sasa angalia vitone vyako vya limau: vinamulikwa kati ya 340 na 370, vinang'aa kati ya 430 na 460. Rangi iliyo rahisi kupikwa ndiyo iliyokaa katikati ya msongamano wote wa damu. Wapishi wa vitone hawakukusudia hivyo, ila ndivyo ilivyo, na ndiyo sababu makala nyingi zinazong'aa kwenye maji hazifiki zahanati.

Ufyonzaji huo unadanganya kwa namna ya hila. Unatia seramu, mng'aro unashuka, unaandika kwamba alama imezima vitone. Kumbe seramu imemeza mwanga wa kwenda na wa kurudi, na kitone hakijaguswa na chochote. Pima ufyonzaji wa mchanganyiko kwenye urefu wa wimbi unaomulikia na ule unaosomea, jumlisha, gawa kwa mbili, na uzidishe mng'aro ulioupata kwa 10 iliyopandishwa kwa jibu hilo. Mfano: jumla ikiwa 0.3, kizidisho ni 1.41. Maana yake karibu asilimia 30 ya mwanga wako ilipotea bila ugonjwa wowote kuhusika. Kama huna spektrofotomita kwa siku hiyo, fanya kwa tochi: weka kiveti cha seramu kati ya tochi na kiveti cha vitone, bila kuvichanganya. Vikififia, unajua mwizi ni nani.

Usiruke kutoka maji kwenda damu. Panda ngazi. Kwanza bafa yenye pH 7.4. Kisha bafa hiyo pamoja na chumvi milimoli 150 kwa lita. Kisha ongeza albumini gramu 40 kwa lita. Kisha seramu iliyopunguzwa mara 100, halafu mara 10, halafu seramu nzima. Kila ngazi rudia mstari wako wa viwango na uuchore juu ya uleule wa mwanzo, kwenye karatasi moja. Mwinamo utaanguka mahali fulani. Pale unapoanguka ndipo ilipo kazi yako. Huna haja ya kuendelea mbele mpaka ujue kwa nini.

Angalia pia damu imechukuliwa kwenye tyubu gani, jambo ambalo wanakemia hulisahau na wataalamu wa maabara za hospitali hulicheka. Kifuniko cha zambarau kina EDTA, inayokamata ioni za metali. Kipimo chochote kinachotegemea chuma, shaba au kalsiamu kimekufa hapo. Cha kijani kina heparini, yenye chaji hasi nyingi, na vitone vyenye chaji chanya vitaikimbilia. Cha kijivu kina floridi, ya kuzuia seli zisiendelee kula glukosi ndani ya tyubu. Kwa kuanzia tumia seramu ya kifuniko chekundu, na uitupe iliyo na wekundu wa chembe zilizopasuka, ila utenge mbili tatu za namna hiyo makusudi, pamoja na ya njano na ile yenye mafuta kama tui. Siku moja kipimo chako kitaletewa hizo hizo bila kuulizwa.

Damu ya watu si malighafi ya kuokota. Tanzania, kibali cha maadili cha utafiti wa afya hupitia kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR. Kenya, pamoja na kamati ya maadili ya taasisi, unahitaji leseni ya NACOSTI. Anza mchakato mapema, unachukua muda. Wakati unangoja, fanyia kazi seramu za kudhibiti ubora zinazouzwa. Glavu kila mara, chanjo ya homa ya ini B kabla hujagusa sampuli ya kwanza.

Nikitaka kumwonyesha mwanafunzi jinsi damu inavyoshindwa kwa akili, namweleza kipimo cha kichocho kilichotoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, na ambacho kimetumika kwenye tafiti za Mwanza na za Zanzibar. Minyoo ya kichocho iliyo hai hutapika ndani ya damu ya mgonjwa sukari ndefu iitwayo CAA, kutoka kwenye utumbo wao. Minyoo ikiwa michache, mayai kwenye choo au mkojo hayaonekani kwa darubini siku zote, lakini CAA ipo. Ipo kidogo mno: tafiti zimetumia mpaka wa pikogramu 30 kwa mililita ya seramu. Piga hesabu ukilinganisha na albumini: albumini inaizidi kwa uzito zaidi ya mara bilioni moja.

Walifanya nini? Kwanza hawakupigana na protini, walizitoa. CAA ni sukari, na inastahimili asidi ya trikloroasetiki, protini hazistahimili. Unatia asidi, protini zinaganda, sentrifuji inazishusha chini, na majimaji ya juu yanabaki meupe yakiwa na CAA ndani yake. Ukitaka kushuka zaidi, unayakoleza kwa chujio dogo. Pili, walikataa mwanga wa buluu. Chembe zao, zenye ukubwa wa mamia ya nanomita, kwa hiyo si nano kwa wenye ukali wa tafsiri, zina erbiamu na itabiamu. Zinamulikwa kwa infraredi ya nanomita 980 na kung'aa kijani, yaani zinapokea mwanga wenye nguvu ndogo na kutoa wenye nguvu zaidi. Hakuna kitu chochote kwenye damu kifanyacho hivyo. Seramu, karatasi, koti la maabara, vyote vinakaa kimya, na kinachowaka ni chembe peke yake. Chembe zimebandikwa kingamwili, zinatembea kwenye ukanda kama ule wa kipimo cha haraka cha malaria, na mashine inasoma mstari.

Kasoro zake zipo. Asidi na sentrifuji zinahitaji maabara, kisomaji chake si kitu cha kununua Kariakoo, na muuguzi wa zahanati hawezi kukifanya akiwa na foleni ya akina mama mlangoni. Lakini mpangilio wa mawazo ndio huo wa kuiga: walianza na kinachoisumbua alama ndani ya damu, kisha wakachagua chembe.

Nawe unaweza kuiga bila kununua erbiamu. Njia moja ni chembe za yuropiamu, ambazo mwanga wake hubaki kwa mamia ya mikrosekunde. Unamulika, unazima, unangoja mng'aro wa damu ufe, ambao hufa ndani ya nanosekunde chache, ndipo unasoma. Nyingine ni kupika vitone vya kaboni vinavyong'aa nyekundu, zaidi ya nanomita 600, ambako himoglobini imelegea. Ya tatu, na rahisi kuliko zote, ni rangi mbili ndani ya kipimo kimoja: moja inabadilika alama inapofika, nyingine haibadiliki. Unasoma uwiano wao, na seramu ikimeza mwanga kidogo inazimeza zote mbili.

Ukifika kwenye kubandika kingamwili, kosa linalojirudia ni bafa. Ile kemia ya EDC na NHS inaunganisha asidi ya juu ya kitone na amini za kingamwili. Tris ni amini. Ukitumia bafa ya Tris, umebandika Tris kwa uaminifu mkubwa na kingamwili kimeoshwa. Tumia MES yenye pH kati ya 5 na 6 kuamsha, fosfeti kuunganisha, kisha ziba nafasi zilizobaki kwa albumini.

Simu inaweza kuwa kisomaji, lakini simu ina tabia ya kukurekebishia picha bila ruhusa. Inaongeza mwangaza palipo giza, inabadilisha weupe. Funga vyote viwili kwenye mipangilio ya kamera, tengeneza boksi jeusi lenye tundu, umbali usibadilike, na ndani ya kila picha uweke doa la kwinini la kiwango unachokijua.

Mwisho wa kazi utataka kuandika kiwango kidogo kabisa unachoweza kukigundua. Kanuni ni mara tatu ya mtawanyiko wa sampuli tupu, ugawe kwa mwinamo. Udhaifu uko kwenye neno tupu. Wengi hupima bafa ileile mara kumi, na mtawanyiko unakuwa mdogo kwa sababu bafa ile haina la kubadilika. Mimi nadai seramu tupu za watu ishirini tofauti, wanene na wembamba, wenye njaa na walioshiba. Tarakimu itapanda, pengine mara mia. Kisha ongeza kiasi unachokijua cha alama kwenye seramu za watu hao na uone unarudishiwa kiasi gani. Kati ya asilimia 80 na 120 naweza kukaa nawe tukazungumza.

Na vitone vyenyewe vigawanye sehemu mbili, tarehe juu ya kila chupa. Nusu ifunike kwa karatasi ya alumini, iende kwenye friji. Nusu nyingine iache kwenye rafu, karibu na dirisha, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa la mwezi wa pili. Rudi baada ya wiki sita upime zote mbili. Ile ya rafuni ndiyo itakayopanda basi kwenda zahanati.